Noah: fyuzi ya taa ndogo inakatika kila mara, nianzie wapi kufuatilia waya?

Njugumawe (Ligula, Mtwara)

Wakuu salaam. Gari ni Noah SR40, injini 3S ya petroli. Fyuzi iliyoandikwa TAIL, ampea 10, inakatika. Ikikatika, taa ndogo za mbele, za nyuma, taa ya namba na mwanga wa dashibodi vyote vinazima kwa mpigo. Taa kubwa, breki na indiketa haziguswi.

Fyuzi mpya inaweza kukaa siku tatu, inaweza kukaa dakika tano. Mara nyingi inakatika kwenye barabara ya vumbi, lakini juzi imekatika gari limesimama, mizigo inashushwa.

La pili, sijui kama yanahusiana: gari likilala siku mbili bila kuwashwa, stata haizunguki. Betri ni NS60, haijamaliza mwaka.

Fundi mmoja anasema aweke fyuzi ya 20 mambo yaishe. Mwingine anataka kufumua wayaringi yote ya nyuma. Nina mita ya digito na bisibisi najua kuishika. Naomba njia ya kufuata kabla sijatoa hela.

Rewaya Kusini (Lindi)

Wa fyuzi ya 20 mshukuru, halafu usimpe gari.

Piga hesabu. Njia ya TAIL inalisha balbu za wati 5: mbili mbele, mbili hadi nne nyuma, moja au mbili za namba. Hapo ni kati ya wati 25 na 40. Vibalbu vya dashibodi na swichi tuvipe wati 10. Jumla haivuki 50. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 4 na kidogo. Fyuzi ya 10 inaubeba mzigo huo mara mbili na bado inabaki na nafasi. Kwa hiyo haikatiki kwa kulemewa. Kuna mahali shaba inagusa bodi. Ukiweka ya 20, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe, tena ule unaopita chini ya zulia.

Fyuzi zilizokufa umezitunza? Itazame moja juani. Kijiwaya cha ndani kikiwa kimelipuka na plastiki imepakwa weusi au rangi ya fedha, hiyo ni shoti kavu. Kikiwa kimeyeyuka taratibu katikati, pengo dogo na safi, umeme ulizidi kidogo kwa muda mrefu. Na ukikuta kijiwaya kizima ila plastiki imelainika miguuni, kishikio cha fyuzi kimelegea, hilo ni tatizo lingine kabisa.

Sasa acha kuchoma fyuzi. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe waya mbili, ichomeke mahali pa fyuzi. Hata shoti ikiwa kamili, balbu hiyo haipitishi zaidi ya ampea 1.75, kwa hiyo waya hauungui na unaweza kutafuta kwa utulivu. Washa taa ndogo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo muda huo. Zunguka gari ukitikisa waya sehemu moja moja huku mtu anaitazama balbu.

Usichomeke waya mnene kwenye matundu ya fyuzi, unapanua meno yake na fyuzi haitashika tena. Chukua fyuzi iliyokufa, vunja kichwa cha plastiki, unganisha waya zako kwenye miguu yake miwili. Inaingia kama fyuzi ya kawaida.

Bodaboda wa Mingoyo

Na wale wa karatasi ya sigara kwenye fyuzi mbona hamjawataja 😂

Ampea Kumi (Masasi)

Rewaya amesema vizuri, ila kwa njia hii hasa balbu ya wati 21 itakudanganya. Ni nzuri kwa njia isiyo na mzigo mkubwa. Hapa nyuma ya fyuzi kuna balbu nane au zaidi zinazokula karibu wati 45. Ukiweka 21 mbele yake, itawaka karibu kikamilifu hata kama gari ni zima, na Njugumawe atafumua gari lisilo na kosa.

Tumia balbu ya taa kubwa, H4, ule upande wa wati 55. Kwenye shoti inapitisha kama ampea 4.6, bado chini ya 10, waya uko salama. Njia ikiwa nzima, H4 inagawana volti na balbu nyingine: inawaka njano, imechoka. Shoti ikipiga, inaruka nyeupe kama taa ya barabarani. Kwa uhakika zaidi weka mita kwenye miguu ya hiyo H4, ukisoma volti za DC. Njia nzima utaona kati ya 4 na 7. Shoti, utaona karibu volti zote za betri. Tahadhari moja: H4 ina joto kali, usiilaze kwenye zulia wala plastiki. Ining'inize.

Kitu kingine kinachowapoteza wengi ni ule mlio wa bipu wa mita. Mtu anazima kila kitu, anaweka ncha moja kwenye mguu wa fyuzi na nyingine kwenye bodi, mita inalia, anatangaza shoti. Balbu ya wati 5 ikiwa ya moto ina karibu omu 29, lakini ikiwa baridi haifiki hata 4. Weka nane sambamba, unabaki na chini ya nusu omu. Mita lazima ilie! Ukitaka kutumia omu kwenye njia ya taa, kwanza toa balbu zote.

Pweza wa Mikindani

Kwa gari linalolala huku pwani mimi ningeenda moja kwa moja mlango wa nyuma, nisingepoteza muda na dashibodi. Sehemu mbili:

Kwanza vishikio vya taa ya namba. Viko kwenye mlango wa nyuma, vinapokea maji na upepo wa chumvi kila siku. Bati la kishikio linaoza, linalala upande, linagusa bodi gari likitikisika. Ukikuta unga wa kijani kwenye shaba usikwangue juu tu. Chumvi inavuta unyevu na unyevu unapanda ndani ya ganda la waya. Kata sentimita tano, menya. Ukiona shaba bado nyeusi kata tena, mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kuchomea wala kiungio cha kubana.

Pili, ule mpira wa mikunjo unaounganisha bodi na mlango juu karibu na bawaba. Kila ukifungua mlango, waya za ndani yake zinakunjwa. Baada ya miaka zaidi ya 20 ganda linapasuka.

Pia angalia balbu za nyuma. Kama gari linatumia za nyuzi mbili, 21/5, kuna watu wanalazimisha ya uzi mmoja. Inaunganisha njia ya breki na ya taa ndogo. Dalili yake: ukikanyaga breki mchana, dashibodi inawaka mwanga.

Rewaya Kusini

Ampea, umenisahihisha sawasawa. 55 ndiyo.

Pweza, mpira nakubali ndio mshukiwa wa kwanza, hasa kwa kuwa juzi ilikatika mizigo ikishushwa, maana yake mlango ulikuwa wazi. Lakini tumtangulize mita. Njia hii ina matawi manne: dashibodi, mbele, nyuma chini ya sakafu, na mlango wa nyuma. Njugumawe, ukishaweka H4, fanya hivi kwa mpangilio, kila hatua ukiitazama balbu:

Taa ndogo ziwe zimewashwa, injini imezimwa. Tikisa fungu la waya nyuma ya redio. Kama redio siyo ya kiwandani, itoe nje uone waya wa rangi ya machungwa. Huo mara nyingi ni wa kupunguza mwanga wa redio taa zikiwaka, unachukua umeme wa TAIL, na mafundi redio wengi huuacha ukining'inia bila tepu. Tikisa taa za mbele, gonga za nyuma kwa kiganja. Ingia chini ya gari, vuta kidogo fungu la waya linapopita juu ya ekseli ya nyuma. Mwisho fungua mlango wa nyuma polepole sana, simama kila sentimita ishirini, kisha ufunge vivyo hivyo.

Ikikataa kujionyesha yote haya, chomoa soketi moja baada ya nyingine mpaka ujue tawi lipi lina kosa. Usianze kwa kukata waya. Soketi zimewekwa kwa kazi hiyo.

Kama itabidi ufungue dashibodi, waya zenye ganda la njano na soketi za njano karibu na usukani ni za eabegi. Hizo usizipime kwa mita wala kwa taa. Ikibidi kuzigusa, toa tamino hasi ya betri, subiri sekunde 90 kwanza.

Njugumawe

Nimefanya leo asubuhi kama mlivyosema, majibu haya:

H4 mahali pa fyuzi, taa ndogo zimewashwa: mwanga wa njano, mita kwenye miguu ya H4 inasoma 5.1. Redio nimeitoa, waya wa machungwa ulikuwa na tepu, hakuna kitu. Taa za mbele, za nyuma, chini ya gari: 5.1 haikutikisika. Mlango wa nyuma ulipofika karibu nusu, H4 ikaruka nyeupe, mita 11.9. Nikiufungua wote inarudi njano. Nikifunga, palepale nusu inapiga tena.

Nikitazama kwenye mpira naona ufa upande wa chini. Naruhusiwa kufungua, au kwanza kuna kitu cha kupima?

Rewaya Kusini

Kipimo kimoja tu, cha kukata shauri. Ondoa plastiki ya nguzo ya nyuma, juu, fuata fungu linaloingia kwenye mpira mpaka uone soketi. Chomoa. Washa taa ndogo tena: volti za H4 zitapungua kidogo kwa kuwa taa za namba hazipo tena, na ukicheza na mlango zisibadilike hata chembe. Zikibaki tulivu, kosa liko kati ya soketi hiyo na mlango. Sahau sakafu, sahau dashibodi, na yule wa kufumua wayaringi yote mpigie umwambie apumzike.

Kisha toa tamino hasi. Sukuma mdomo wa mpira utoke kwenye bodi kwa vidole. Ukigoma, tumia bisibisi bapa uliyoifunga tepu nchani usije ukauchana. Usogeze upande wa mlango. Utakuta waya kama sita hadi kumi: namba, wiper ya nyuma, kufuli, breki ya juu kama ipo, swichi ya mlango, na ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi.

Usitazame kwa macho tu. Shika kila waya kwa vidole viwili, ukunje taratibu kila sentimita. Waya mzima una ukakamavu wa shaba. Uliokatika ndani unakunjika kama uzi wa kiatu, na ukiuvuta kidogo ganda linarefuka. Mara nyingi ukikuta mmoja umekatika, wawili wa jirani wako njiani. Tengeneza zote zinazopita kwenye mkunjo, siyo ule mmoja. Ukiacha nyingine utaurudia mpira huo kabla korosho za msimu ujao hazijaanikwa.

Mnazi Mrefu (Nachingwea)

Naongezea upande wa kutengeneza, maana hapo ndipo kazi nzuri inapoharibikia.

Kosa la kwanza ni kuunga ndani ya mpira. Kiungio kigumu mahali panapokunjwa, waya utakatika pembeni yake. Viungio vyote viwe nje ya mpira: seti moja ndani ya bodi, seti nyingine ndani ya mlango. Yaani unabadilisha kipande kizima cha waya, sentimita 25 hadi 30, siyo kuunga palipokatika.

Kosa la pili ni aina ya waya. Waya wa nyumba wa uzi mmoja usiuingize kwenye gari kabisa, mtikisiko unaukata. Waya wa spika nao una ganda laini linaloyeyuka kwa joto. Tafuta waya wa gari wenye nyuzi nyembamba nyingi, 0.85 mm za mraba kwa taa na swichi. Kwa wiper na ethi weka 1.25. Kioo kikiwa na nyaya za kuondoa ukungu, waya wake ni mnene kuliko wote, linganisha na uliopo usiupunguze. Ukikosa dukani, vipande vya wayaringi kwa wauza screpa vinafaa, kata sehemu iliyokuwa ndani ya kabini maana ile ya injini imekauka.

Kata na unganisha waya mmoja, maliza, ndipo ushike wa pili. Ukikata zote kwa pamoja na rangi zimefifia, utaanza kubahatisha. Na viungio usivipange mstari mmoja, kila kimoja kipishane na mwenzake sentimita mbili au tatu, la sivyo unatengeneza fundo lisilopita popote.

Kupitisha waya kwenye mpira: tumia maji ya sabuni au poda ya mtoto. Usitumie grisi wala oili, mpira unavimba. Ndani ya mpira usifunge tepu, waya ziachwe huru zipishane zikikunjwa. Tena tepu ya plastiki kwa joto la huku inageuka gundi.

Pweza wa Mikindani

Risasi au kubana? Mimi nasema risasi, kwa sababu ya chumvi. Kiungio cha kubana kina uwazi, unyevu unaingia.

Mnazi Mrefu

Pweza, uwazi unazibwa na mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Risasi ina tabia ya kupanda kwenye nyuzi za shaba sentimita moja au zaidi, sehemu hiyo inakuwa fimbo, na pale fimbo inapoishia ndipo waya unapovunjikia. Kwenye mlango unaofunguliwa mara thelathini kwa siku mimi nabana kwa koleo la viungio lenye meno ya saizi yake, siyo plaizi ya kawaida, halafu mpira wa gundi juu.

Ampea Kumi

Mnagombania kitu ambacho mahali pake kimeshaamuliwa. Kama viungio viko nje ya mkunjo, vimefungwa visitikisike, risasi iliyochomwa vizuri na kufunikwa mpira wa gundi itadumu. Kibaya ni kusokota na kuzungushia tepu. Chagua unachokijua mkono wako, ila asidi ya kuchomea mabati isiguse waya, inakula shaba taratibu. Tumia risasi yenye dawa yake ndani.

Sasa betri, maana wengine wote mmeiruka. Njugumawe, haya mawili yanaweza kuwa kosa moja.

Kwenye taa ya namba, umeme wa chanya ndio unaopita mlangoni. Ukigusa bodi, shoti, fyuzi inakatika. Swichi ya mlango kwa Toyota nyingi iko upande wa pili: taa ya ndani ina chanya muda wote, swichi kazi yake ni kuipelekea ethi tu. Waya wa swichi ukimenyeka na kugusa bodi, hakuna shoti na hakuna fyuzi inayokatika. Taa inaona mlango uko wazi, inawaka. Na kama swichi iko ndani ya kitasa cha mlango wa nyuma, waya wake unapita kwenye mpira uleule.

Pima kabla hujatengeneza, ili ujue ulikuwa na nini. Funguo nje, milango imefungwa. Mlango wa nyuma uache wazi, lakini funga ulimi wa kitasa kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Mita weka kwenye ampea 10, ncha nyekundu ihamie tundu la 10A. Legeza tamino hasi. Kabla hujaitoa, unganisha mita: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye tamino, ndipo uinyanyue tamino. Subiri dakika 20 hadi 30 vifaa vilale. Usipige stata wala kuwasha swichi mita ikiwa hapo, fyuzi ya ndani ya mita itaungua. Na ukimaliza rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti. Ukisahau ukaiweka kwenye betri, hiyo ni shoti kupitia mita.

Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Juu ya hapo chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Ukimaliza zote haijashuka, gusa altaneta gari likiwa limepoa usiku mzima: ikiwa ya uvuguvugu, dayodi zake zinavujisha.

Njugumawe

Ampea Kumi, umeotea. Baada ya dakika 25: 0.44. Nikachomoa fyuzi moja moja, ya DOME, yaani ya taa za ndani, ilipotoka ikashuka hadi 0.02. Taa ya kati swichi yake huwa naiweka OFF, kwa hiyo sikuwahi kuona kitu. Lakini iko taa ndogo ya sehemu ya mizigo, yake ilikuwa kwenye DOOR, na kiti cha nyuma kikikunjwa kinaifunika. Nimenyanyua kiti, inawaka, plastiki yake ya moto.

Ampea Kumi

Taa ya wati 5 ni ampea 0.42. Ongeza 0.02 ya saa na kumbukumbu ya redio, unapata 0.44 yako kamili. Kwa saa 48 ni ampea-saa 21. NS60 ikiwa mpya na imejaa ina kama 45, kwa hiyo siku mbili zinakula karibu nusu yake, na kama altaneta haikuijaza hadi juu, stata haitapiga. Betri yako haina kosa, lakini ukiendelea kuishusha hivyo itakufa kweli. Ichaji kwa chaja ya nje mpaka ikipumzika usiku isome 12.6. Injini ikiwaka, kwenye betri utake 13.8 hadi 14.4.

Njugumawe

Nimefungua mpira. Waya nane. Wa kijani ganda limepasuka sehemu mbili, nyuzi za shaba zimetokeza. Mwembamba wa pembeni umemenyeka kama milimita tano na umelala kwenye ukingo wa tundu la bodi, rangi imetoka mpaka bati linaonekana. Na huu wa tatu sikuutarajia: mweupe wenye mstari mweusi, ukiukunja unalegea kabisa. Huu kazi yake nini? Taa za namba zilikuwa zinawaka, ingawa hafifu.

Rewaya Kusini

Kwenye michoro ya Toyota unaandikwa W-B: herufi ya kwanza ni rangi ya ganda, ya pili ni mstari. W-B ni ethi. Umebakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba, ndiyo maana taa hafifu. Ungetengeneza wa kijani tu na kuuacha huo, wiper ya nyuma ingeanza kusuasua, na wewe ungeinunulia mota.

Ukishabadilisha zote, kabla ya kurudisha plastiki pima upotevu wa volti. Mita kwenye volti za DC, taa ndogo zimewashwa. Ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri kwa kutumia waya mrefu, nyingine kwenye upande wa ethi wa kishikio cha taa ya namba. Utake 0.1, ikizidi 0.2 kuna kiungio kibovu au boliti ya ethi imeshika kutu. Kisha nguzo chanya kwa upande wa chanya wa kishikio: isizidi 0.5. Vipimo hivi vifanye balbu ikiwa inawaka. Waya wenye uzi mmoja wa shaba uliobaki utaonyesha volti 12 safi bila mzigo, ukiupa kazi unaanguka.

Boliti ya ethi ya nyuma ifungue hata kama inaonekana nzuri. Kwangua mpaka bati ling'ae, irudishe pamoja na washa yake ya meno (kile kipete cha chini ya boliti), kaza, halafu paka vaselini juu yake. Siyo chini yake.

Pweza wa Mikindani

Na ule ukingo wa bati uliotoka rangi, usirudishe mpira juu yake hivyo hivyo. Piga msasa, paka rangi, acha ikauke. Kama mpira una ufa, tafuta mwingine kwenye gari la screpa. Gundi ya tairi haishiki kwenye mkunjo, utafunguka wiki hiyohiyo. Mvua ikiingia hapo inashuka na waya mpaka kwenye taa za namba.

Njugumawe

Nimemaliza jioni hii. Mpira nimepata wa screpa. Ethi kwenye taa ya namba 0.06, chanya 0.31. Umeme gari likiwa limezimwa 0.02. H4 mlango ukifunguliwa na kufungwa haibadiliki. Nimerudisha fyuzi ya 10. Kimebaki kimoja: mfuniko wa taa ya namba una kitundu upande mmoja, kiangalie juu au chini?

Pweza wa Mikindani

Chini. Ndiko maji yanakotokea.